Walimu Wawili wa Drumsheugh na Msichana Aliyefutwa

Katikati ya mwezi wa Novemba 1810, msichana mmoja wa shule ya bweni mjini Edinburgh, Uskoti, alimweleza bibi yake jambo kuhusu walimu wake wawili wa kike. Bibi hakuwaita walimu hao kuwauliza. Aliwaondoa wajukuu zake shuleni, kisha akawaandikia wazazi wa wasichana wengine akiwashauri wafanye vivyo hivyo, pasipo kutaja sababu. Wazazi walimwamini kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa, na katika muda wa siku chache tu shule ikawa tupu. Walimu walibaki na vitanda vitupu na madeni, wala hapo mwanzo hawakuambiwa kosa lao ni lipi.

Walimu hao walikuwa Marianne Woods na Jane Pirie. Bibi alikuwa Lady Helen Cumming Gordon, mjane wa ukoo wenye mashamba na majumba kaskazini mwa Uskoti. Msichana alikuwa Jane Cumming, mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa India na mama wa Kihindi. Kesi iliyotokana na maneno yake ilikaa mahakamani kwa miaka mingi, ikafika hadi Baraza la Malodi mjini London, na baada ya zaidi ya karne moja ikageuka kuwa mojawapo ya tamthilia maarufu za Marekani. Kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha uongo wa mtoto na maafa ya walimu wasio na hatia. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanaacha nje jambo ambalo msomaji wa pwani ya Bahari ya Hindi, awe Unguja, Mombasa, Maskati au Dubai, ana sababu ya kuliona mapema: majaji waliwasafisha walimu kwa kumpaka uchafu mama mmoja wa Kihindi ambaye hakuwapo mahakamani, na tamthilia iliyofuata ikamfuta kabisa binti yake.

Urafiki uliojenga shule

Woods na Pirie walikutana Edinburgh mwanzoni mwa karne ya 19. Wote wawili walitoka katika tabaka lenye elimu lakini lisilo na mali. Kwa wanawake wa namna hiyo njia zilikuwa chache: kuolewa, kulea na kufundisha watoto katika nyumba ya tajiri kwa ujira mdogo, au kufundisha shuleni. Pirie alikuwa amekwisha kuionja kazi ya kufundisha katika nyumba za watu, ambako mwalimu hakuhesabiwa kuwa mtumishi wala mtu wa familia. Ndoto ya kuwa na shule yao wenyewe ilikuwa ndoto ya kuwa na mlango wao wenyewe. Waliweka akiba, wakasubiri miaka, na mwaka 1809 wakafungua shule ya bweni ya wasichana huko Drumsheugh, mahali ambapo siku hizo palikuwa ukingoni mwa mji.

Urafiki wao haukuwa mtulivu. Barua na ushahidi uliowekwa mbele ya mahakama ulionyesha mapenzi makubwa ya kirafiki yaliyochanganyika na wivu, manung'uniko, machozi na kusameheana. Pirie hasa alikuwa na moyo mwepesi kuumia. Aliyemchoma zaidi alikuwa Ann Woods, shangazi yake Marianne, mjane wa mwigizaji William Woods, naye mwenyewe aliyewahi kuigiza jukwaani. Shangazi huyo alishiriki katika uendeshaji wa nyumba na fedha zake, na Pirie aliona kwamba shule aliyoitolea jasho ilikuwa ikimponyoka na kuingia mikononi mwa mtu wa tatu. Kila Marianne alipochukua upande wa shangazi, Pirie alilihesabu jambo hilo kuwa usaliti. Waligombana mbele ya wanafunzi, wakalia, wakakumbatiana na kupatana, kisha wakaanza upya.

Mtafiti Lillian Faderman, aliyeandika kitabu kizima juu ya kesi hii mwaka 1983, ameonyesha kwamba urafiki wa namna hiyo baina ya wanawake haukuwa jambo la kushangaza katika Uingereza ya wakati ule. Wanawake waliandikiana barua zenye maneno ambayo leo yangechukuliwa kuwa ya wapenzi, walilala kitanda kimoja, waliapiana kutotengana mpaka kufa, na jamii iliwasifu kwa uaminifu wao. Urafiki huo ulionekana kuwa shule ya moyo kabla ya ndoa, au kitulizo kwa asiyeolewa. Kwa hiyo kilichoiangusha shule ya Drumsheugh hakikuwa ukali wa mapenzi ya walimu hao. Ukali huo wanafunzi na wazazi waliufahamu, nao wakaendelea kuwaleta watoto. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliupa jina jingine.

Mpangilio wa nyumba nao ulichangia. Vitanda vilikuwa vichache, na kulala wawili wawili lilikuwa jambo la kawaida. Walimu hawakulala chumba kimoja. Kila mmoja alilala katika chumba cha wanafunzi ili awachunge, tena kitanda kimoja na mwanafunzi. Jane Pirie alilala na Jane Cumming. Marianne Woods alilala na msichana mwingine, Janet Munro. Ndiyo maana wasichana hao wawili wakawa mashahidi wakuu. Walidai kwamba usiku mwalimu mmoja alikuwa akija kitandani mwa mwenzake, na kwamba waliamshwa na mitikisiko na minong'ono.

Mjukuu aliyeletwa kwa meli

Jane Cumming hawezi kueleweka bila kuifuata safari yake. Baba yake, George Cumming, alikwenda India kuitumikia Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, kama walivyofanya vijana wengi wa koo za Uskoti zilizokuwa na majina makubwa kuliko mifuko yao. Huko akazaa na msichana wa Kihindi bila ndoa, na huko akafa. Bibi yake Jane, kwa kumlilia mwanawe, akaagiza mtoto aletwe Uskoti angali mdogo.

Mwanzoni hapakuwa na nia ya kumfanya bibi wa heshima. Alipelekwa kwanza shule ya Elgin, ajifunze kazi ya mikono itakayompa riziki. Baadaye bibi alibadili shauri. Akamtambua kuwa mjukuu, akamleta Edinburgh na kutafuta shule ambapo angefundishwa adabu za wasichana wa tabaka la juu. Shule mpya ya Woods na Pirie, iliyokuwa ikihitaji sana wanafunzi, ilikubali kumpokea. Kwa shukrani, Lady Cumming Gordon aliwasifia walimu hao kwa rafiki zake, na wanafunzi wengine wakaja kwa sifa hiyo. Mkono uliowafungulia walimu mlango ndio uliokuja kuufunga.

Kwa hiyo msichana huyu alikuwa katika shule ambayo kuwapo kwake humo kulitegemea huruma ya bibi mmoja. Rangi yake ilionekana na kila mtu, na asili yake ilijulikana. Mwalimu aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa ndiye mkali zaidi kati ya wawili, mwenye kuadhibu na kukaripia. Si vigumu kuelewa kwa nini msichana wa miaka kama 15 au 16, mwenye uchungu na asiye na uwezo wowote isipokuwa sikio la bibi yake, angelitumia sikio hilo. Lakini kueleza sababu za mtu kusema hakutoshi kuthibitisha kwamba alisema uongo, wala kwamba alisema kweli. Mahakama ndiyo iliyopewa mzigo huo.

Majaji saba na milango iliyofungwa

Woods na Pirie wangeweza kuondoka mjini kimyakimya. Badala yake walimshtaki Lady Cumming Gordon kwa kashfa, wakidai fidia ya pauni 10,000. Kwa wanawake wasio na mali kumshtaki mjane wa ukoo kama ule kulihitaji ujasiri, na pia kulihitaji kukubali kwamba mambo yale yale yaliyowaangamiza yatasemwa tena, safari hii kwa kinywa cha mawakili na kwa maandishi yatakayopigwa chapa kwa ajili ya majaji. Kesi ilisikilizwa faraghani. Waliotoa ushahidi walikuwa wanawake na wasichana kwa sehemu kubwa. Waliouamua walikuwa wanaume saba wa Mahakama Kuu ya Uskoti.

Ushahidi ulikuwa na nyufa. Wanafunzi walidai kwamba mtumishi wa ndani, Charlotte Whiffin, aliwahi kuchungulia kwenye tundu la ufunguo na kuona mambo yasiyostahili. Mtumishi huyo alipoapishwa alikana kwamba aliona au kusema lolote la namna hiyo, na mlango uliotajwa ulipochunguzwa haukuonekana kuwa na tundu la kumwezesha mtu kuona yaliyodaiwa kuonwa. Janet Munro naye alieleza mambo ambayo yangeweza kufasiriwa kwa njia zaidi ya moja: mwalimu anaingia chumbani usiku, anaketi kitandani, wanazungumza, labda wanagombana na kupatana. Katika nyumba ambamo walimu wawili hawakupata faragha mchana kutwa, usiku ulikuwa wakati pekee wa kumaliza ugomvi.

Mwezi wa Juni 1811 majaji walipiga kura, wanne kwa watatu, na walimu wakashindwa. Walimu wakaomba uamuzi uangaliwe upya. Mwezi wa Februari 1812 majaji wakapiga kura tena, wanne kwa watatu, na safari hii walimu wakashinda. Katika miezi hiyo minane ushahidi haukuwa umebadilika kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Heshima ya wanawake wawili ilining'inia juu ya kura moja, ikaanguka upande huu, kisha upande ule. Lady Cumming Gordon alikata rufaa kwa Baraza la Malodi, na rufaa hiyo ikatupiliwa mbali mwaka 1819.

Hoja ya Mashariki

Hotuba za majaji zilipigwa chapa kwa matumizi ya mahakama, na nakala zake zimehifadhiwa. Mwaka 1975 zilichapwa upya nchini Marekani. Ukizisoma unaona kwamba wengi wao hawakuhangaika tu na swali la nani alikuwa kitandani kwa nani. Walihangaika na swali kubwa zaidi: je, jambo kama hili linaweza kutokea kabisa miongoni mwa wanawake wa Uingereza wenye malezi mema? Lord Gillies, mmoja wa waliowaunga mkono walimu, alikumbusha kwamba karibu kila mwanamke nchini aliwahi kuwa na rafiki wa karibu na kulala naye kitanda kimoja. Ikiwa hilo ni ushahidi wa uovu, ni nani atakayesalimika? Hoja hiyo ilikuwa ya busara, nayo ilisimama juu ya desturi iliyojulikana na wote.

Lord Meadowbank alikwenda mbali zaidi, na hapo ndipo kesi ilipovuka bahari. Kwa maoni yake, tendo lililodaiwa lilikuwa karibu haliwezekani katika nchi yake, kiasi kwamba kuliamini kulifanana na kuamini uchawi. Lakini kama halipo Uingereza, msichana alilijua vipi hata akalisimulia? Jibu lilikuwa tayari. Alizaliwa India. Alilelewa na watumishi wa Kihindi. Mama yake alikuwa mwanamke wa Mashariki, na Mashariki, katika fikra za wakati ule, ilikuwa nchi ya tamaa za mapema na mambo yanayofanyika nyuma ya mapazia. Kwa hoja hiyo mtoto aliyeondoka India akiwa mdogo, aliyefundishwa na kukulia Uskoti, alihesabiwa kuwa amebeba ndani ya damu na kumbukumbu yake uchafu uliotosha kuichafua nyumba nzima ya wasichana wa Kizungu.

Hoja hii ilikuwa na manufaa makubwa kwa kila upande. Walioamini kwamba msichana alisema kweli walishikilia kwamba mtoto hawezi kubuni jambo la namna hiyo. Walioamini kwamba alisema uongo walihitaji kueleza uongo huo ulitoka wapi. India iliwapa maelezo. Wanawake wa Uskoti wakabaki safi, urafiki wao ukabaki safi, na doa likawekwa juu ya mtu ambaye hangeweza kujibu. Mama yake Jane Cumming hakuitwa kutoa ushahidi wala hakuwa na wakili. Hata hivyo, kwa namna fulani, yeye ndiye mtu wa pekee aliyehukumiwa kwa kauli moja.

Hapa pana fundisho la kihistoria linalozidi kisa chenyewe. Karne ya 19 ilikuwa ikijenga picha mbili kwa wakati mmoja: ya mwanamke wa Kiingereza asiye na tamaa, na ya mwanamke wa Mashariki asiye na haya. Picha hizo zilitegemeana. Baadaye zilikuja pamoja na mabalozi, wamisionari na maofisa mpaka pwani ya Afrika Mashariki, ambako nyumba za Waswahili na Waarabu, na hasa vyumba vya wanawake, zilielezwa katika vitabu vya wasafiri kwa lugha ile ile ya mapazia na siri. Kesi ya Drumsheugh inatuonyesha lugha hiyo ikitumika kwa kazi ya kisheria, katika nchi ya watawala wenyewe, dhidi ya mtoto wao wenyewe.

Ushindi usiorudisha kitu

Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Walimu walishinda, lakini hawakuipata shule yao. Malipo waliyopata mwishoni, baada ya mabishano zaidi kuhusu fidia na gharama za mawakili, yalikuwa sehemu ndogo ya pauni 10,000 walizodai. Marianne Woods alikwenda London na akapata kufundisha. Jane Pirie alibaki Edinburgh na hakupata kazi. Hakuna mzazi aliyetaka kumkabidhi binti kwa mwalimu ambaye jina lake lilinong'onwa, hata kama sheria ilikuwa imemtakasa. Urafiki wenyewe, ambao ndio uliokuwa chanzo cha shule, ugomvi na kesi, haukuokoka. Walipokuwa wakipigana mahakamani kuthibitisha kwamba mapenzi yao yalikuwa ya halali, walikuwa wamekwisha kuishi mbalimbali.

Jane Cumming naye hakupata ushindi. Aliolewa na mwalimu wa shule, William Tulloch, ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa kanisa. Binti ambaye maneno yake yaliifunga shule akaishia kuwa mke katika nyumba ya mwalimu, mashambani, mbali na kumbi za Edinburgh ambazo bibi yake alitaka azione.

Kutoka mahakamani hadi jukwaani

Kisa hiki kingebaki katika makabati ya wanasheria kama William Roughead, mwandishi wa Kiskoti aliyependa kesi za zamani, asingekisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1930. Mwandishi wa hadithi za upelelezi Dashiell Hammett alikisoma na kumpendekezea Lillian Hellman, aliyekuwa akitafuta maudhui ya tamthilia yake ya kwanza. Tamthilia hiyo, *The Children's Hour*, ilifunguliwa New York mwezi wa Novemba 1934 na kuonyeshwa mara 691. Ilipigwa marufuku Boston na Chicago, na mjini London haikupata idhini ya kuonyeshwa hadharani. Mwaka 1935 iliponyimwa tuzo ya Pulitzer, wahakiki wa New York walikasirika hata wakaanzisha tuzo yao wenyewe.

Hellman alihifadhi mengi. Walimu wawili marafiki wapo, kwa majina ya Karen Wright na Martha Dobie. Shangazi mwigizaji mwenye domo yupo. Bibi tajiri anayewapigia wazazi simu yupo. Aliongeza mchumba wa mmoja wa walimu, na akaongeza mwisho wa huzuni ambao haukuwapo Edinburgh: Martha anatambua kwamba hisia zake kwa rafiki yake zilikuwa zaidi ya urafiki, naye anajiua. Kwa uamuzi huo Hellman aliuliza swali ambalo majaji walilikwepa, yaani, itakuwaje ikiwa uongo wa mtoto umegusa ukweli ambao hata mhusika mwenyewe hakuujua?

Alichokiondoa ni India. Msichana mwongo wa tamthilia, Mary Tilford, ni Mmarekani mweupe, mjukuu halali wa tajiri, mtoto aliyedekezwa hata akaharibika. Ukatili wake hauna historia. Mwongozaji William Wyler alipoigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu mwaka 1936, kanuni za Hollywood zilimlazimisha kuondoa hata tuhuma yenyewe, na kisa kikawa cha wanawake wawili na mwanamume mmoja. Mwaka 1961 Wyler aliirudia, safari hii Audrey Hepburn na Shirley MacLaine wakiwa walimu, na tuhuma ikarudishwa. Jane Cumming hakurudishwa. Urafiki wa walimu ulipata watetezi wapya kila kizazi. Msichana wa Kihindi hakupata hata mmoja mpaka wanahistoria walipofungua tena majalada.

Kufutwa huko kunafanana na hoja ya Meadowbank, ingawa kunakwenda upande wa pili. Jaji alimfanya Jane kuwa India tupu, bila utoto wa Kiskoti. Mwandishi wa tamthilia alimfanya kuwa ubaya tupu, bila India. Katika hali zote mbili msomaji au mtazamaji haulizwi afikirie jinsi ilivyokuwa kuwa mtoto pekee mwenye rangi ile katika nyumba ile, aliyejua kwamba nafasi yake inaweza kuondolewa kwa neno moja.

Shoga, somo na heshima ya mwalimu

Lugha ya Kiswahili ina maneno yanayosaidia kulitazama jambo hili kwa jicho tofauti. Katika Kiswahili cha Unguja na Mombasa, *shoga* ni rafiki wa kike wa mwanamke, yule wa kutobolewa siri, kuazimana nguo na kusutana pale inapobidi. Wanawake huitana hivyo hadharani kwa mapenzi. Katika matumizi mengine, ambayo leo yameenea kutoka mabarazani hadi mitandaoni, neno hilo hilo limekuwa tusi linalotupiwa wanaume. Mwanamke wa makamo anayemwita mwenzake shoga katika kundi la simu linalosomwa na vijana wa bara au wa ughaibuni anaweza kujikuta anachekwa. Urafiki wake haujabadilika. Kilichobadilika ni sikio la msikilizaji. Woods na Pirie walipatwa na badiliko la namna hiyo kwa ghafla ya siku mbili tatu.

Neno la pili ni *somo*. Ni kile kinachofundishwa darasani. Ni mtu mnayeitana jina moja. Na katika desturi za pwani ni mwanamke anayemfunda mwari mambo ya utu uzima. Lugha imeweka elimu, urafiki na maarifa ya mwili katika neno moja, bila kuona haya. Jamii iliyokuwa na masomo wa namna hiyo haikuhitaji kudai kwamba wanawake wake hawajui chochote ili iwaone kuwa wenye heshima. Majaji wa Edinburgh walihitaji ujinga wa wanawake kuwa ushahidi wa usafi wao. Mila ya unyago ilikuwa na maoni kwamba usafi unakwenda na kujua.

Hata hivyo pwani nayo ilimbebesha mwalimu wa kike mzigo mzito wa jina. Shule ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa Zanzibar mwaka 1927, jambo lililowasumbua wazazi halikuwa hesabu wala jiografia. Lilikuwa heshima ya binti anayetoka nje ya nyumba, na ya wale watakaokuwa naye huko. Walimu wa kwanza wazalendo walijua kwamba mwenendo wao ndio uliokuwa dhamana ya shule nzima. Katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika*, iliyochapwa mwaka 1971 na kupigwa marufuku kwa muda nchini Tanzania, chuo cha ualimu kinaonyeshwa kuwa mahali ambapo aliye juu hutumia vibaya madaraka yake huku kashfa ikimwangukia aliye chini. Tunajifunza jambo lile lile kwa njia nyingine: kashfa ya shuleni haigawiwi sawasawa.

Leo maelfu ya maili kutoka pwani hiyo, katika shule binafsi za Dubai, wapo walimu waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, wakifanya kazi bega kwa bega na Wahindi, Wamisri, Wafilipino na Waingereza. Huishi mbali na ndugu, mara nyingi wawili au watatu katika nyumba moja ya kupanga, na shoga wa kazini huwa ndiye dada, daktari na benki. Kwa kawaida kibali cha ukaazi hufungamana na mwajiri, hata mwalimu akipoteza kazi huanza kuhesabu siku. Katika hali kama hiyo neno moja la mwanafunzi kwa mzazi, au ujumbe mmoja katika kundi la wazazi, lina uzito ambao Pirie angeutambua mara moja.

Tofauti ni kwamba sheria za mahali hapo zimeliangalia suala la mnenaji. Sura ya An-Nur katika Kurani inamtaka anayewatuhumu wanawake watahirifu alete mashahidi wanne, na inamwadhibu asiyewaleta; mzigo umewekwa juu ya ulimi wa mtoa tuhuma. Sheria ya shirikisho ya Falme za Kiarabu Na. 34 ya mwaka 2021, inayohusu uvumi na makosa ya mtandaoni, nayo imefanya kusambaza uvumi na kumchafulia mtu jina kwa njia ya mtandao kuwa kosa la jinai. Mtu anaweza kujadili namna sheria kama hizo zinavyotumika, na wanyonge wananufaika nazo kwa kiasi gani. Lakini zinakataa kile ambacho methali yetu inakikubali kwa wepesi inaposema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lady Cumming Gordon hakuijua methali hiyo, ila aliifuata neno kwa neno.

Kesi ya Drumsheugh kwa hiyo haifai kusomwa kama ushindi wa ukweli dhidi ya uzushi, kwa sababu ukweli ulipatikana kwa bei ambayo mtu mwingine alilipa. Woods na Pirie walistahili kutetewa kwa hoja ya Gillies, kwamba urafiki mkali wenye wivu na machozi si kosa. Waliishia kutetewa pia kwa hoja ya Meadowbank, kwamba uovu ni wa watu wa ng'ambo. Hoja ya kwanza ingetosha. Ya pili ndiyo iliyobaki na maisha marefu zaidi, na bado husikika kila shule, msikiti, kanisa au jumuiya ya ughaibuni inapopatwa na kashfa na mtu wa kwanza kutazamwa akawa yule aliyekuja kutoka mbali. Mama wa Jane Cumming hakuandikwa jina katika hukumu ile. Binti yake aliandikwa, na kumsoma tena kwa jina lake na kwa safari yake yote, kutoka India hadi Elgin hadi Drumsheugh, ni kazi ambayo majaji saba na jukwaa la New York walituachia.